Kabla hujafunga baraza la nyumba ya zamani hapa Dodoma

Kila mwaka kipupwe kikianza, Juni kuelekea Julai, simu yangu hupigwa na watu wenye ombi moja: "Fundi, nifungie baraza kwa vioo, nipate pa kuota jua asubuhi bila upepo." Nawaelewa. Usiku wa Julai hapa kwetu baridi hushuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo wa mashariki ukishika kasi vumbi linaingia hadi kwenye kabati la vyombo, na mwenye nyumba ya miaka arobaini kule Area C au Kikuyu analo baraza pana ambalo miezi minne kwa mwaka halikaliki. Akiona kwenye simu picha za vyumba vya vioo vya Ulaya, wazo linaingia.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Nimefanya kazi mjini hapa miaka kumi na tisa na mabaraza niliyoyafunga ni mengi. Machache ya mwanzo yananiuma hadi leo, kwa sababu nilifanya nilichoombwa bila kujiuliza baraza lile lilikuwa linafanya kazi gani.

Baraza ni kofia ya nyumba. Jua kali likipiga, linaishia kwenye sakafu ya baraza. Ukuta wa sebule unabaki kivulini na dirisha lake linavuta hewa iliyokwisha kupoa kidogo. Tembe la Kigogo, nyumba ya jadi ya Wagogo wa hapa, halikuhitaji kofia ya namna hiyo, maana lilikuwa na kuta nene za miti na udongo, paa la udongo na matundu madogo. Nyumba nyingi zilizojengwa baada ya 1973, serikali ilipoamua kuhamishia makao makuu Dodoma, ni za tofali za saruji na paa jepesi. Unene ule haupo. Kinachoziokoa ni kivuli. Ukiligeuza baraza kuwa sanduku la kioo, umeivua nyumba kofia na kuiwekea jiko kifuani.

Hesabu yake si ngumu. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa juu kabisa ya utosi mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini, lakini saa sita mchana mzigo wake mkubwa huubeba paa. Linaloingia dirishani ni jua la chini, la asubuhi na la jioni. Chukua dirisha la mita 3 kwa 2 linalotazama magharibi. Saa kumi jioni, siku isiyo na wingu, kila mita ya mraba ya dirisha hilo hupokea takriban wati 700, na kioo cheupe cha milimita 6 hupitisha karibu asilimia 80. Umeingiza ndani zaidi ya wati 3,000, yaani pasi tatu za umeme zilizowashwa na kuachwa sakafuni kwa saa mbili. Mwanga ukigonga sakafu unageuka joto, kioo hakiruhusu joto hilo lirudi kama lilivyoingia, na hewa iliyopata moto haina pa kutokea.

Mzee mmoja nilimfungia baraza la magharibi, kioo kuanzia sakafuni hadi chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Lilipendeza, majirani walikuja kulitazama. Oktoba nilipita kumsalimia nikamkuta nje, chini ya mwarobaini, kiti cha baraza amekihamishia huko. Hakunilaumu. Alinikaribisha tu kivulini.

Tangu siku ile siandiki makadirio kabla ya kukaa kwenye baraza lenyewe mara mbili, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Mwaka jana mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Area C, alishangaa nilipoomba kiti.

"Shikamoo mama. Leo sipimi, nakaa tu."

"Marahaba mwanangu. Kukaa nako unalipwa?"

Tukakaa. Baraza lake linatazama mashariki, na hiyo ni heri. Jua la asubuhi ndilo analolitaka mtu wa kipupwe, na kufikia saa tano limeshapanda juu ya paa. Lakini mashariki ndiko unakotoka upepo wa kiangazi, na vumbi lake. Nilimweleza kwamba kioo upande huo kinafaa, ila madirisha yawe ya bawaba yenye mpira wa kubana pembeni. Yale ya kusukuma hufunguka nusu tu, na reli yake ya chini hujaa mchanga hadi yagome. Vioo vya luva vinapitisha hewa vizuri kuliko vyote, lakini vumbi la Septemba linapita humo kama kwenye chekeche.

Kisha hewa ya moto ipewe mlango wa kutokea. Hupanda juu, kwa hiyo mlango wake uwe juu, chini tu ya dari, upande ambao upepo hautokei. Kwa mama yule ulikuwa upande wa kaskazini: mistari miwili ya tofali za matundu, wavu wa mbu kwa ndani, bila kifuniko. Vumbi linaletwa na upepo, na upepo hauingii kwa kinyume, kwa hiyo matundu yale hutoa zaidi ya yanavyoingiza. Dirisha la sebule linalofungukia barazani lisizibwe kamwe. Na paa liwe paa. Paa la kioo au la plastiki ya kupitisha mwanga, kwa jua la hapa, silijengi tena hata mteja akiniongezea fedha.

Wenye baraza la magharibi nao nawahudumia, ila kwa njia nyingine: ukuta mfupi, tofali za matundu hadi juu, na nje yake kichanja cha mzabibu. Mkoa huu unajua kulea zabibu. Mti huo ukipanda kwenye waya unatoa kivuli kizito, na majani hutoa unyevu unaopoza hewa kabla haijaingia. Ukipogolewa unabaki mtupu wiki chache, basi vumilia.

Sasa chini ya miguu, ambako makosa hugharimu zaidi. Mteja huogopa uzito wa vioo. Vioo si kitu: mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 6 ina kilo 15, kwa hiyo upande mzima wa mita 5 kwa moja na nusu haufiki kilo 120. Mzigo ni ule ukuta mfupi wa chini. Tofali za inchi 6, urefu wa mita 5, kimo cha mita 1, pamoja na plasta, ni karibu tani moja na nusu. Na sakafu ya baraza la nyumba ya zamani mara nyingi haina msingi. Walimwaga zege jembamba juu ya kifusi, nguzo zikapewa vitako vyake, basi. Iliandaliwa kubeba watu na viti.

Kwa hiyo nachimba shimo dogo pembeni ya baraza kabla ya lolote. Nikikuta msingi, naupima. Nisipoukuta, ukuta mpya unapata msingi wake, umechimbwa hadi udongo mgumu. Na hapo naangalia rangi ya udongo. Mwekundu wenye changarawe haunitishi. Ule mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa Septemba na kuvimba Desemba mvua zikianza, huinua na kushusha ukuta kila mwaka. Huo nautoa kwa kina niwezavyo, najaza moramu, yaani udongo wa changarawe, na kuishindilia kwa matabaka, kisha nafunga mkanda wa zege wenye nondo nne za milimita 12.

Na hata hapo, ukuta mpya usiunganishwe na wa zamani. Mafundi wengi hupasua ukuta wa nyumba, wakachomeka tofali na nondo humo, wakiamini wanaimarisha. Nyumba ya miaka arobaini imeshamaliza kutulia ardhini. Chumba kipya ndiyo kwanza kinaanza. Ukivifunga pamoja, kinachoshuka kitavuta kilichotulia, na ufa utatokea kwenye kona ya dirisha la sebule, si kwenye kazi mpya. Mimi naacha nafasi ya milimita 15 kutoka msingi hadi juu, najaza kitu laini, naziba kwa silikoni. Mteja akiuliza kwa nini kuna mstari pale, namwambia ule ni ufa niliouchagulia mahali pa kukaa.

Kuhusu paa naomba usikilize vizuri. Nyumba nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ziliezekwa kwa asbesto, yale mabati mazito ya kijivu yanayofanana na saruji. Yakiwa mazima na hayajaguswa hatari yake ni ndogo. Ukiyakata kwa gurudumu la mashine ya kukatia au kuyatoboa ili kuunganisha paa la baraza, nyuzi zake zisizoonekana hupaa, mtu akizivuta hukaa mapafuni na zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Nimewaona vijana wakiyakata bila hata kitambaa puani, watoto wa nyumba wakitazama. Paa jipya lisimame kwa nguzo zake, chini ya paa la zamani, bila kuligusa. Kama lazima liondolewe, itwe timu yenye vifaa na taka zake zipelekwe zinakoruhusiwa. Usikubali yavunjwe na kufukiwa uani.

Paa hilo jipya nalo lina faida yake. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni kama milimita 550, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita 20 za mraba hupokea hapo lita 11,000. Katika mji unaotegemea sana visima vya Mzakwe, kuliacha bila gata na tangi ni hasara ya wazi. Mbao za kenchi ziwe zenye dawa, kwa sababu ya mchwa.

Kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri ya Jiji kichukuliwe kabla ya tofali la kwanza. Ramani nyingi za zamani zilipitia CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa 2017, na humo baraza limechorwa kama baraza. Ukiligeuza chumba, mchoro ubadilike. Kama mita ya umeme ya LUKU iko barazani, zungumza na TANESCO mapema. Kioo cha mlango, na chochote kinachofika chini ya goti, kiwe cha usalama, kile kinachovunjika kuwa punje. Cha kawaida hutoka visu. Ukiweka nondo za kuzuia wezi, acha upande mmoja ufunguke kutoka ndani.

Kazi ya mama yule ilimalizika Mei. Julai alinipigia: asubuhi ni raha tupu, lakini usiku matundu ya juu yanaleta baridi, nije niyazibe. Nilikwenda. Saa moja jioni nikamkuta na wajukuu wawili barazani, madirisha yamefungwa, jiko la mkaa katikati, chungu cha maharage kinachemka. Walikuwa wanaota moto.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kichwa huuma kidogo, usingizi hufuata, na mtu haamki. Zamani jiko lile lilikuwa salama pale pale, kwa sababu baraza lilikuwa wazi. Nililitoa mimi mwenyewe nje, tukafungua madirisha, nikakaa nao mpaka maharage yakaiva uani. Nikamshonea pazia zito la kuteremsha mlangoni mwa sebule, ili baridi isifike vyumbani.

Ameshaniomba mara mbili zaidi niyazibe yale matundu. Nimekataa mara zote mbili.