Azimio 1325 si la nchi za vita peke yake

Hapa Mombasa wengi hudhani Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni mambo ya Kongo na Somalia: kuwakinga wanawake na risasi na ubakaji, basi. Sivyo. Lilipopitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza, lilidai ulinzi, ndiyo, lakini pia wanawake wawemo katika kuzuia migogoro, kusuluhisha na kuamua. Kenya ilizindua mpango wake wa kulitekeleza mwaka 2016. Hata kabla ya hapo, kwenye mazungumzo ya 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, Graça Machel, mwanaharakati kutoka Msumbiji, alikuwa miongoni mwa wapatanishi, nao Martha Karua wa upande wa serikali na Sally Kosgei wa upande wa upinzani wakaketi mezani.

Sasa njoo Kisauni, papa hapa Mombasa. Mama anayeona mwanawe amebadilisha marafiki, analala mchana kutwa na kutoka usiku na panga, ana habari ambayo afisa hana. Kumwita kwenye kikao cha usalama apike chai tu ni kuitupa habari hiyo, na mimi naona ni dhuluma. Tena akishasema, lazima alindwe asilipiziwe kisasi, la sivyo kikao kijacho haji.