Mtande na mshindio: kwani lumu inafanya nini hasa?

Nikisema nafuma, jirani yangu hapa Manyatta anauliza hiyo sweta ni ya nani. Sio makosa yake, huku Kisumu na hata ukienda Nakuru neno kufuma limeshikwa na sindano mbili za sweta, au ile moja yenye ndoano ya kutengeneza vitambaa vya makochi, sasa mtu akinikuta na fremu ya mbao imejaa misumari, yaani lumu yangu ya kufumia kitambaa, anadhani natengeneza mlango wa kuku. Kwa hivyo wacha nieleze haya maneno mawili, mtande na mshindio, kwa sababu ukishayashika hayo mengine yote ni mambo ya kununua uzi.

Kitambaa cha kufumwa ni nyuzi za aina mbili zinakatana. Za kwanza zimevutwa zikakaza kutoka juu hadi chini, haziendi popote, zinakungoja tu. Huo ndio mtande, neno limetoka kwa kutanda, vile unatanda shuka kitandani. Halafu kuna uzi unaotembea, unapita juu ya mmoja chini ya mwingine, juu, chini, ukifika ukingoni unageuka unarudi na sasa pale ulipita juu unapita chini. Huo ni mshindio. Sweta haina mambo hayo, sweta ni uzi mmoja unajishika wenyewe kwa vitanzi, ndio maana mtoto akivuta kauzi kamoja kalichochomoka unaweza kupata mkono wote umefumuka. Tisheti pia ni ya vitanzi, tena hiyo watu wengi hawajui. Vuta tisheti uone vile inanyooka, kisha vuta leso kwa urefu, inakataa. Lakini hiyo leso ishike kona moja na ile iliyo mkabala uvute, utashangaa inalegea, kwa sababu sasa huvuti nyuzi zenyewe, unalaza tu vile viboksi vyake upande.

Kama bado haijaingia tafuta suruali ya jinzi nzee iliyoraruka goti. Zile nyuzi nyeupe zinabaki zimelala kwa goti kama ndevu za mzee, hizo ni mshindio. Zile za buluu zilizokuwa zimesimama kuelekea chini zimeshakatika, hizo zilikuwa mtande. Jinzi hufumwa hivyo, mtande umetiwa rangi ya buluu na mshindio umeachwa mweupe, na mtande ndio unaonekana zaidi upande wa nje, ndio sababu ukiigeuza ndani nje inakuwa nyeupe nyeupe. Umevaa hiyo kitu miaka yote na jibu liko kwa goti.

Sasa lumu. Watu wakisikia lumu wanafikiria mashine, lakini kazi yake ya kwanza ni kukaza mtande, hata kama ni vijiti viwili. Fikiria vile vikapu vya gugu maji vinauzwa hapa mjini, au mkeka, hivyo tunasema vimesukwa na havihitaji lumu, kwa sababu ukili una mgongo wake, ukiupinda unakaa. Uzi hauna mgongo. Ukiuacha unalegea, unajisokota, hauwezi kupitisha kitu katikati yake, kwa hivyo lazima upate mahali pa kuukaza. Wamama wa Guatemala hufunga upande mmoja kwa mti na mwingine kwa mkanda kiunoni, ukiegemea nyuma mtande unakaza, ukitaka ulegee unasogea mbele, yaani mwili wako ndio nusu ya lumu! Wabedui wanapiga vigingi chini kwa mchanga wanatanda hapo hapo. Ghana kente inafumwa vipande vyembamba virefu, halafu vinashonwa pamoja ndio vinakuwa nguo ya kujifunga.

Yangu ni fremu ya dirisha nilipata kwa jua kali, nikapiga misumari juu na chini, nikapandisha na kushusha uzi wa pamba kutoka msumari hadi msumari. Usitumie uzi wa sweta kwa mtande, mimi nilitumia mara ya kwanza, jioni ulikuwa umekaza kama gita na asubuhi umelala.

Mwanzo nilikuwa napitisha mshindio kwa vidole, juu chini juu chini, mstari mmoja dakika kumi na shingo inauma. Kumbe kuna ujanja wa zamani sana. Unachukua rula pana unaipitisha kwa mtande juu chini hivyo hivyo na unaiacha humo humo. Ukiisimamisha kwa ukingo wake, nusu ya nyuzi zinainuka pamoja na panafunguka nafasi, mimi naiita mlango, mshindio unapita wote kwa mpigo mmoja. Kurudi ndio kuna kazi, sasa unataka zile nyuzi zilizokuwa chini ya rula ndizo ziinuke, kwa hivyo kila moja unaifunga kitanzi cha uzi na vitanzi vyote unavishikisha kwa kijiti kimoja. Rula unailaza na kuisukuma juu kabisa, unainua kijiti, mlango wa pili unafunguka. Kila mshindio ukipita unaupiga ushuke na chanuo, hata uma ya jikoni ni sawa.

Fungua, pitisha, piga. Mashine za Kicomi, kile kiwanda cha nguo hapa Kisumu, kabla hazijanyamaza miaka ya 1990, na zile za Rivatex kule Eldoret ambayo Moi University ilinunua 2007, zinafuma kwa hatua hizo hizo, tofauti ni kasi. 1733 huko Uingereza John Kay alipata njia ya kurusha kile chombo kinachobeba uzi wa mshindio kwa kuvuta kamba, na yeye hakubadilisha mtande wala mshindio, alipunguza tu kunyoosha mikono.

Mshindio wangu ni tisheti za mitumba kutoka soko la Kibuye, zile zimetoboka hakuna anataka, nakata vipande virefu, ukivivuta vinajikunja vyenyewe kama kamba. Zulia la kwanza lilitoka na kiuno. Kweli, juu pana, katikati jembamba, chini pana tena, shemeji yangu akauliza kama ni la mwanamitindo. Nilikuwa navuta mshindio sana ukingoni nikidhani kukaza ndio ufundi, kumbe kinachokazwa ni mtande peke yake. Mshindio unaulaza umepinda kama kilima kidogo ndio unaupiga, unapata urefu wa kutosha kupanda na kushuka kwa kila uzi bila kuvuta kingo ndani.

Na ukimaliza usikate mtande wote kwa mpigo mmoja na makasi, nilifanya hivyo pia. Kata nyuzi mbili, funga fundo, kata mbili, funga, mpaka ufike mwisho.