Shambulio la moyo huwapata wanawake pia
Katika makundi ya WhatsApp ya Mbeya na Iringa huzungushwa ujumbe unaodai kuwa shambulio la moyo ni la wanaume, na kwamba mwanamke anayebanwa kifua ana vidonda vya tumbo au mawazo tu. Si kweli: duniani kote, magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuua wanawake.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani mwanamke, ingawa naye huumwa kifua, mara nyingi zaidi hupata pia kichefuchefu, kukosa pumzi au maumivu ya taya na mgongo; tena wakati mwingine kasoro huwa kwenye mishipa midogo, ambayo picha ya mishipa mikubwa haiioneshi. Uhakika hupatikana hospitalini, kwa kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu, ambavyo huenda vikarudiwa baada ya saa chache. Tafadhali msiusambaze ujumbe huo, maana humchelewesha mgonjwa nyumbani huku misuli ya moyo ikikosa damu.