Lipasi ya kuvu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Kuvu ikipewa mafuta mengi, itatoa lipasi nyingi.

Si hivyo. Lipasi ni kimeng'enya kinachovunja mafuta kuwa asidi za mafuta na gliseroli, na mafuta kidogo yanatosha kuichochea kuvu iitengeneze. Yakizidi, asidi hizo hurundikana na zinaweza kudumaza ukuaji. Glukosi nayo ikijaa, kuvu nyingi hupunguza utengenezaji wa lipasi, maana chakula rahisi kipo. Ndiyo maana bioriakta, yaani tangi la kukuzia kuvu, hulishwa kidogo kidogo.

Dhana: Kukoroga kwa kasi ndiyo siri ya mavuno.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo ugumu wote wa kazi. Kuvu kama Aspergillus niger hutoa nyuzi ndefu zinazosokotana, mpaka kimiminika kinakuwa kizito kama uji. Hewa inayopulizwa kutoka chini hupita kwa mapovu makubwa, na oksijeni inayoyeyuka ni chache. Ukiongeza kasi, oksijeni inapanda, lakini mapanga ya kikorogeo yanakata nyuzi. Seli zinazopasuka huachia vimeng'enya vya kuvunja protini, na lipasi yenyewe ni protini: inaliwa ndani ya tangi ilimozaliwa.

Wakati mwingine nyuzi hujiviringa zikawa vidonge vidogo. Kimiminika huwa chepesi, jambo zuri, ila kidonge kikinenepa kiini chake hukosa oksijeni na kufa. Kwa hiyo anayesimamia tangi haachi kutazama kipimo cha oksijeni, wala hacheleweshi uvunaji.

Dhana: Sabuni ya kufulia yenye lipasi ina kuvu hai.

Hapana. Kuvu hutema lipasi nje ya seli, kisha nyuzi huchujwa na kimiminika kinachobaki husafishwa. Lipolase, lipasi ya sabuni za kufulia iliyoingia sokoni mwaka 1988, ilitokana na jeni ya Thermomyces lanuginosus. Kwa kuwa kuvu hiyo ilitoa lipasi kidogo mno, jeni yake ilihamishiwa kwenye Aspergillus oryzae, inayokuzwa kwa urahisi na kutoa protini kwa wingi.

Dhana: Lipasi inajua kuvunja tu.

Maji yakiwa machache, huunganisha pia. Viwanda hutumia uwezo huo kupanga upya asidi za mafuta ili mafuta yayeyuke kwenye joto linalotakiwa.