Kichanja kikijaa, hanunui

Kibirizi alfajiri, mitumbwi ikirudi na dagaa, huwa namtazama mama mmoja ambaye ni mnunuzi wa siku nyingi pale. Kabla hajauliza bei ya beseni, anageuka kwanza kuangalia vichanja vyake. Dagaa wa jana wakiwa hawajakauka, hanunui. Siku moja nikamwambia, "Mama, leo ni bei ya kutupa." Akacheka: "Sasa mwanangu, nikawaanike kichwani?"

Kazi yangu ni kutengeneza programu hapa Kigoma mjini, na jibu lile lilinichoma. Wiki ile timu yetu ya watu 3 ilikuwa na kazi 12 zilizoanzwa, hakuna hata moja iliyokwisha. Na tunajiita watu wa ajaili, yaani wa kutengeneza programu kidogo kidogo na kumkabidhi mteja mapema! Ubao wa kuonyesha kazi tunao, vikaratasi vya rangi tunavyo, kila asubuhi tunasimama dakika 15 kuelezana nani anafanya nini. Mteja wetu, muuza mawese, alitaka daftari la madeni kwenye simu, basi. Tukampelekea nusu daftari na nusu ripoti.

Ubao wa namna hiyo asili yake ni kanbani, mfumo wa kadi wa viwanda vya magari vya Toyota, kule Japani, uliobuniwa na mhandisi wao Taiichi Ohno baada ya kuvutiwa na supamaketi za Marekani: rafu hujazwa kwa kadiri wateja walivyochukua. Kiwandani, kituo cha mbele kikitumia vipuri, kadi hurudi nyuma kuagiza vingine. Hakuna kadi, hakuna kutengeneza. Kadi ile ni breki, sisi tukaigeuza pambo la ukutani.

Hesabu ya kubana kazi zilizo wazi ni nyepesi. Mtafiti Mmarekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961. Chukua kazi zilizo wazi, gawanya kwa zinazokamilika kila wiki. Kazi 12, zikiisha 2 kwa wiki, kila moja itakaa mkononi wastani wa wiki 6. Ukiwa na 4, ni wiki 2, kwa watu walewale na mwendo uleule.

Skramu, mtindo mmojawapo wa ajaili, yenyewe hubana kwa muda: sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, haizidi mwezi mmoja. Hilo wavuvi wetu hawahitaji kufundishwa. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, wanabaki pwani kushona nyavu. (Na lile tamko la ajaili, walilokubaliana watu 17 kule Utah mwaka 2001, halitaji ubao wala vikaratasi. Lisome, ni fupi.)

Siku hizi ubao wetu una nafasi 3 za kazi zinazoendelea, zimechorwa kwa kalamu nyekundu. Asiye na nafasi anamsaidia mwenzake kumaliza. Wiki ya kwanza ilikuwa tabu. Kijana wetu mmoja aliona anakaa bure, akawa anafungua kazi kwa siri.

Kisha muuza mawese akapiga simu, anataka programu itume na ujumbe kwa wadaiwa. Nikamuuliza, "Sawa bosi, tutoe ipi kati ya hizi 3?" Akanyamaza kidogo.

"Malizeni kwanza daftari."