Je, wajua kwa nini kayaki nzito inaweza kukupindua kuliko nyepesi?

Mtu anayenunua kayaki ya kuvulia samaki huanza kwa kuinyanyua. Anashika ncha moja, anaipandisha hadi magotini, na ikimlemea anaridhika: hii haipinduki. Nilifanya hivyo hivyo kwenye yadi moja Industrial Area. Zilikuwepo mbili, moja nyepesi na pana, nyingine nzito na nyembamba, nikachukua nzito. Tulihitajika watu wawili kuipandisha juu ya Probox. Asubuhi ya kwanza ziwani Naivasha, maji yakiwa yametulia kabisa, niligeuka nyuma kuchukua kopo la chambo nikajikuta majini. Nilikuwa na jaketi la kuokoa maisha, na maji yalinifika kifuani tu, lakini swali lilibaki: ule uzito wote ulikuwa unafanya kazi gani?

Imani hii inashika kwa sababu nchi kavu ni ya kweli. Kabati la mbao ngumu halisukumiki ovyo, maana sakafu inalishikilia. Maji hayashikilii kitu namna hiyo. Fikiria gogo linaloelea. Hata likiwa na kilo 100, ukilikanyaga linabiringika papo hapo. Sasa lipasue mbao, uzifunge bega kwa bega ziwe chelezo. Mti ni ule ule, uzito ni ule ule, ila sasa mtoto anaweza kusimama juu yake. Kilichobadilika ni umbo peke yake.

Kinachotokea ni hiki. Uzito wako pamoja na wa kayaki huvuta chini kupitia nukta moja, kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma juu kupitia nukta nyingine, iliyo katikati ya sehemu iliyozama. Ukikaa wima, nukta hizi mbili zimepangana, moja juu ya nyingine. Ukiinamia kushoto, ubavu wa kushoto unazama zaidi na wa kulia unainuka, basi ile nukta ya maji inahamia kushoto.

Mtazame mchukuzi wa soko la Gikomba, Nairobi, aliyebeba robota la mitumba kichwani. Mzigo ukianza kwenda kushoto, hapambani nao kwa shingo. Anapeleka mguu kushoto, chini ya mzigo na kuupita kidogo, na mzigo unarudi. Nukta ya maji ndiyo mguu huo. Kayaki pana ina nafasi ya kupeleka mguu mbali, tena mapema. Nyembamba ni kama mchukuzi aliyefungwa miguu pamoja: mzigo unaupita mguu, na safari ya kuanguka imeanza. Gogo la mviringo ni hali mbaya kuliko zote, kwa sababu hata ulizungushe vipi, sehemu iliyozama ina umbo lile lile. Mguu wake hausogei kamwe.

Hapa ndipo hesabu inaponipendeza. Nguvu ambayo umbo hukupa ya kukurudisha wima, unapoinama kidogo tu, hutegemea upana uliojizidisha wenyewe mara tatu, ilhali urefu wa chombo unahesabiwa mara moja. Ukitoka sentimita 60 hadi 75, umeongeza robo tu ya upana, lakini nguvu hiyo inakaribia kuwa mara mbili. Ukifika 90, ni zaidi ya mara tatu. Angalia tu kwamba upana unaohesabika ni ule wa usawa wa maji ukiwa umekaa ndani na mizigo yako. Kingo zilizochomoza juu ya maji hazijaanza kukusaidia.

Uzito nao una haki yake. Ukikaa chini kabisa ya chombo, unashusha kitovu kidogo. Lakini mzigo mkubwa kwenye kayaki ni wewe. Chukua mvuvi wa kilo 80 kwenye kayaki ya kilo 35: ukipandisha kiti sentimita 10 ili mgongo upumzike, kitovu chenu kwa pamoja kinapanda karibu sentimita 7. Ukisimama kutupa ndoano, kinapanda zaidi sana. Ndiyo maana kiti kinachoshuka na kupanda kina thamani kuliko plastiki nene, na sanduku la barafu hukaa sakafuni, si juu ya kitu.

Kuna jambo moja linalozuia kusema tu “nunua pana.” Kayaki pana yenye tumbo bapa hung’ang’ania uso wa maji. Uso ukiwa sawa, unakaa sawa. Wimbi likiuinamisha, nawe unainama nao. Kayaki nyembamba za Wainuti wa Aktiki hutikisika ukizikalia, lakini mbavu zilizopanuka kwenda juu huzidi kukukataza kadiri unavyoinama, na mwenye ujuzi hukaa wima huku wimbi likipita chini yake. Kwa anayevua Naivasha asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaamka, pana na bapa ndiyo inayomfaa. Upepo ukianza, anarudi ufukweni. Na kwa kiboko hakuna upana unaosaidia. Hapo muulize kwanza mtu wa ziwa viboko wanakaa wapi.

Jibu lingine limekuwepo pwani yetu siku zote. Ngalawa huchongwa kwenye gogo moja, mara nyingi la mwembe, na mwili wake ni mwembamba kiasi kwamba ukiuacha peke yake chini ya tanga ungebiringika. Mafundi hawakuupanua wala hawakuuongezea uzito. Waliufungia mirengu, zile mbao mbili zinazokaa mbali kushoto na kulia, ili chombo kiwe na miguu ya kutosha bila kuwa na tumbo kubwa. Sikuirudisha kayaki yangu yadi. Niliifungia maboya mawili ya plastiki kwenye ufito uliokatiza nyuma ya kiti, nikashusha kiti hadi sakafuni, na kopo la chambo sasa linakaa mbele, katikati ya magoti.