Mtiririko wa fedha sio mzunguko, na wala sio faida

Juzi kwenye kikao cha kikundi chetu hapa Singida mtu kasimama na karatasi ya mradi wa mashine ya kukamua alizeti, akasema kwa kujiamini kabisa "mzunguko wa mradi ni milioni 180 kwa mwaka", watu wakapiga makofi. Mashine, kibanda na kuvuta umeme wa njia tatu ni milioni 40, kwa hiyo kwa hesabu ya makofi yale hela inarudi kabla ya miezi mitatu kuisha. Mwingine aliyesomea uhasibu kama mimi akamjibu hapana, faida ni milioni 7 tu, itachukua karibu miaka sita. Wote wawili wameniacha hoi. Hii ya mzunguko nimeshaisikia mara nyingi mno, ngoja niandike tu.

Mtiririko wa fedha wa mradi ni hela inayoingia ukitoa inayotoka, mwaka kwa mwaka, baada ya kodi, na ni ile tu ambayo isingeingia wala kutoka kama mradi usingekuwepo. Basi. Hiyo ndo unaikadiria ukitaka kuamua ununue mashine au uachane nayo.

Sasa tuje kwenye maneno, maana ndiko tunakopotelea. Mzunguko umetoka kwenye kuzunguka. Benki Kuu ikisema fedha zilizo kwenye mzunguko inaongelea noti na sarafu zilizotoka kwake zikaingia mitaani na kwenye mabenki, mama ntilie akilalamika mzunguko mgumu anamaanisha wateja hawana kitu, vyuma vimekaza, na mwenye duka akikwambia mzunguko wangu laki tatu kwa siku anakutajia mauzo. Sina ugomvi na hata mmoja hapo. Ila laki tatu ya huyo mwenye duka kesho asubuhi sehemu kubwa inarudi kwenye mzigo, na wewe ukiihesabu kama hela ya kulipia mashine umehesabu hela ya watu. Mtiririko ni wa kutiririka, kama maji ya mfereji, yana yanakotoka na yanakoenda, na ukisimama hapo na ndoo unaweza kupima yaliyoingia shambani kwako na yaliyopita kwenda kwa jirani.

Faida nayo ni neno la Kiarabu, maana yake manufaa, ndo maana tunasema kusoma kuna faida na kutembea kwa miguu kuna faida, wakati hamna aliyelipwa hata senti. Hela ni kitu kingine kabisa. Hela ni Heller ya Wajerumani, kisarafu kidogo cha shaba, mwaka 1904 waliigawa rupia ya koloni lao kuwa heller 100 badala ya pesa 64 za mwanzo, sarafu zikaondoka jina likabaki midomoni mwetu mpaka leo. Na fedha ni ileile madini ya fedha. Yani hela na fedha tangu asili yake ni vitu vya kushika mkononi, faida ni maoni ya mhasibu (na mimi ni mhasibu, msinipige).

Ile milioni 7 ilipatikana hivi: mauzo 180, toa mbegu, umeme na vibarua 162, toa uchakavu wa mashine 8, inabaki 10, toa kodi ya kampuni 30%, inabaki 7. Swali langu ni moja, hiyo 8 ya uchakavu alilipwa nani? Hakuna. Hakuna risiti ya uchakavu duniani. Hela ya mashine ilitoka mara moja siku ya kununua, uchakavu ni namna tu ya kuigawa kwenye vitabu kwa miaka mitano. Unaiweka ili upate kodi sahihi, alafu unairudisha, kwa hiyo hela yenyewe ni 7 na 8, milioni 15 kwa mwaka. (Nimegawa sawasawa kurahisisha, TRA, watu wa kodi, wana viwango vyao vya 37.5, 25 na 12.5 kwa mia kulingana na kundi la mali, msije mkapeleka hesabu yangu kule.) Riba ya mkopo usiitoe hapa, hiyo itaingia kwenye kiwango cha kupunguzia thamani, yani asilimia unayoikata kwa kila mwaka wa kusubiri maana hela ya mwakani sio sawa na hela ya leo, ukiitoa huku umeitoa mara mbili.

Mnafurahi? Ngojeni kwanza. Alizeti inavunwa kwa msimu, na anayesubiri mwezi wa kumi na mbili kununua mbegu atazikuta zimepanda bei au zimeisha. Kwa hiyo kabla lita ya kwanza haijauzwa kuna milioni kama 25 imelala stoo kwenye magunia. Hiyo sio gharama kwenye vitabu, ni mali, mwenye kutafuta faida haioni kabisa, lakini mfukoni imeshatoka na itarudi mwaka wa tano mkifunga. Unaanza na kutoa 65, sio 40. Ukichukua 15 kila mwaka kwa miaka mitano na 25 ya mbegu mwishoni, ukapunguza thamani kwa 18%, unapata karibu milioni 58. Ukilinganisha na ile 65 uliyotoa, milioni 7 hazijarudi. Mauzo ya mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yamo humohumo kwenye 180, nimeuliza.

Alafu stoo yenyewe. Mtu kasema "stoo ni yetu, bure". Si tunaipangisha laki mbili kwa mwezi? Mpangaji akitoka hiyo milioni mbili na laki nne kwa mwaka inaacha kuingia kwa sababu ya mradi, basi ni ya mradi. Ila ile milioni 3 tuliyomlipa mtaalamu wa upembuzi yakinifu msiiweke, imeshakwenda, tukinunua mashine imekwenda na tusiponunua imekwenda, na ile kauli ya "tumeshatumia hela nyingi hatuwezi kuacha" naomba ibaki nje ya mlango.

Mashine yenyewe siikatai, bei ya mbegu ikishuka kidogo tu hesabu inageuka. Ninachoomba ni kwa Katibu: kwenye muhtasari pale palipoandikwa "mzunguko wa mradi milioni 180" pasomeke "mauzo", na chini yake aache mstari mmoja mtupu wa mtiririko wa fedha, tutaujaza kwenye kikao kijacho tukishajua gunia la mbegu wanauzaje.